Mngoni Aliyechelewa Msafara

Mimi ni fundi cherehani, Mhehe wa Iringa, na mdomo wangu Mji Mpya wote wanaujua. Naanza hivyo ili asije mtu akasema hakuonywa. Upande wa kulia wa baraza langu palikuwa na hoteli ya Mama Temba, na habari ninayotaka kusimulia ni ya mwaka ule alipotaka kutuacha aende kwao, na mimi sijui kumwambia mtu "baki" kwa maneno ya kistaarabu.

Nikisema hoteli msije mkafikiria ghorofa. Ilikuwa banda la mabati, meza za mbao zenye vitambaa vya plastiki, mabenchi, na ndoo ya maji ya kunawa mlangoni. Miaka ile ya ruksa kila mwenye sufuria alifungua hoteli. Mtaa wetu ulikuwa na Mshihiri wa maharage ya nazi na mkate wa kumimina, Mkongo wa sombe, yaani kisamvu chao, na samaki wa kuchoma ambaye redio yake ilitutoboa masikio, na Msomali wa chai ya maziwa asiyecheka na mtu. Sisi wa mifuko mitupu tulikula dunia nzima bila kuvuka barabara. Viwanda vya mjini vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine, lakini tumbo nani alifunge? Hata mimi magauni hakuna aliyekuja kushona tena, mitumba ilishamaliza kazi hiyo. Nikawa fundi wa kupunguza suruali za Wazungu wanene.

Sasa Mama Temba. Jina lake hasa lilikuwa Nomathemba, mtu wa Afrika Kusini. Fundi aliyemwandikia kibao alisikia "Temba", akaandika Temba, na Temba ni jina la Wachagga. Siku ya kufungua hoteli Wachagga wa mjini wakaja kundi zima, wamevaa vizuri, wanaulizia mtori, ile supu yao ya ndizi. Mama Temba akawatazama. "Mtori ni nani?" akauliza. Alifikiri wanamtafuta mtu. Nilicheka mpaka sindano ikanichoma.

Alikuwa mpishi wa wakimbizi wenzake waliokaa kambini Mazimbu. Mwaka wa tisini na mbili wenzake walirudi kwao, wakaimba, wakapanda mabasi, yeye akabaki. Ukimuuliza kwa nini, anajibu, "Nikimaliza gunia hili la mkaa naondoka." Wauza mkaa wakipita na baiskeli zao, unamwona kashanunua gunia jingine.

Na chakula alichotuletea ni nini? Makande! Mwanamke ametoka mwisho wa Afrika, anafungua hoteli, na chakula cha fahari anachokiweka mezani Jumapili ni makande. Jamani. Makande sisi tulilishwa shuleni mpaka tukayachukia, na wafungwa wa Kingolwira nasikia hawayapendi pia. Nilimwambia, "Mama Temba, hapa makande hayauzwi, yanavumiliwa." Akanipakulia sahani. Mahindi yamekobolewa, yamelala kwenye jiko la mkaa tangu alfajiri na maharage na mfupa wa ng'ombe, yamekuwa laini kama uji mzito. Nilikula, nikaomba tena, na kwa hasira zangu sikumsifia.

Mume wangu Gabrieli ndiye aliyekuwa mteja wake mkubwa. Kiwanda alichofanyia kazi kilipofungwa, alikosa pa kwenda mchana, basi akawa anakwenda kwa Mama Temba. Anaingia mikono nyuma, anakohoa kidogo kabla ya kukaa, anavua koti lake la mtumba na kofia, anavitundika kwenye msumari ule ule, anafunua sufuria, ananusa, halafu anasema, "Mama Temba, leo chumvi imepita mbali." Kila siku ya Mungu. Na kila siku anamaliza sahani na kuipangusa kwa kidole.

Rafiki wa Gabrieli alikuwa Mzee Gama, Mngoni wa Songea, wamefanya kazi pamoja kiwandani. Siku moja wamekaa hapo wawili, nami nimekuja kudai sahani yangu, Mama Temba akadondosha kifuniko cha moto mguuni. "Nkosi yam!" akapiga kelele. Mzee Gama akasimama, kijiko mkononi.

"Umesema nini, mama?"

"Nimeungua, baba."

"Hapana, umesema nkosi. Nkosi ni chifu wetu! Babu zetu walitoka huko huko kwenu kwa miguu mpaka Songea. Wewe ni Mngoni!"

Mama Temba akasema yeye Mxhosa, na katikati ya neno ulimi wake ukapiga mlio kama kizibo cha soda kinapofunguliwa. Mzee Gama akapiga makofi. "Ni hao hao! Wewe ni Mngoni uliyechelewa msafara tu. Wenzako walitangulia zamani."

Mnaojua mnajua. Mhehe na Mngoni ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakaamua bora matusi kuliko mikuki. Mtani unamtukana na hakasiriki, unachukua kuku wake na hasemi kitu, na siku ya msiba wako yeye ndiye anayekuja kukuchekesha. Kumbe mwaka mzima nimekaa jirani na mtani wangu, namwamkia kwa adabu kama mtawa mdogo! Nikaona nimepunjwa. Nikaenda moja kwa moja kwenye sufuria, nikachomoa ule mfupa wenye nyama, nikauma.

"Mngoni wee," nikamwambia, "kumbe ndiyo maana. Nyie tangu zamani kazi yenu kukimbia. Mmekimbia kwenu, mkaja mkakimbia mikuki ya babu zangu, na wewe leo umekimbilia kwenye makande. Mkimbizi mkubwa!"

Mzee Gama alicheka sana. Mama Temba hakucheka. Aliweka upawa chini polepole, akavua aproni, machozi yanamtoka, akatuomba wote tutoke. Akafunga mlango, mchana kweupe, watu wana njaa.

Neno mkimbizi. Kwangu lilikuwa tusi la kawaida la utani. Yeye aliitwa hivyo miaka yake yote, kwenye vibali, kwenye foleni, kwenye midomo ya watu, na pale Mji Mpya ndipo alipodhani amelitua. Sikumwomba radhi, utani hauombewi radhi. Gabrieli ndiye aliyekwenda kubisha hodi kwake na kumweleza utani wetu, mpaka ule wa msibani. Alirudi anatikisa kichwa.

"Anasema kwao heshima ni kunyamaza," akaniambia. "Mwanamke hata jina la baba mkwe halitamki maisha yake yote. Anauliza, hivi kwenu heshima ni matusi?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ndiyo."

Kesho yake nilikuwa barazani natoa nyuzi kwenye suruali, kichwa chini. Mama Temba akatoka, akapita mbele yangu na beseni la maji machafu, akamwaga, akageuka. Nikaona midomo inamcheza, anajipanga. Akasema kwa sauti ya mtoto anayesoma ubaoni, "Mhehe. Leo... mbwa hakuna. Utakula ng'ombe."

Sote Wahehe tunajua tunavyosemwa kwa habari ya mbwa, eti tunawala. Nilitupa mkasi chini, nikaenda nikamkumbatia, beseni na vyote.

Tangu hapo, mama yangu! Alijifunza haraka kuliko alivyojifunza Kiswahili. Mimi napigia kelele barazani, yeye anajibu kutoka jikoni, na wateja wanakaa kusikiliza mpaka chai inapoa. Mbwa wa mtaani akikosekana, naulizwa mimi. Mkaa ukiisha, namuuliza kama viatu vya kukimbilia vipo. Neno mkimbizi likarudi, na sasa akawa analicheka yeye mwenyewe. Wanafunzi wa chuo walikuwa wanashuka mpaka kwetu, wanasema wanafuata makande. Waongo, walifuata matusi.

Kisha Mzee Gama akarudi Songea kulima, maana kazi ya pili hakuipata. Na mwaka uliofuata, msimu wa masika, mlima ulio juu ya mji umejifunika mawingu kutwa nzima, akaja Msauzi mmoja na gari kutoka Dar es Salaam. Alikaa na Mama Temba, wakaongea kwa lugha yao. Alipoondoka, Mama Temba akaja barazani kwangu, akakaa kwenye kigoda bila kunitukana. Nikajua kuna jambo.

"Kaka yangu amejenga chumba cha pili," akasema. "Anasema chumba ni changu. Kura tumeshapiga, nchi ni yetu, ninangoja nini? Gari litakuja Jumamosi kunichukua."

Mguu wangu ulikuwa kwenye pedali ya cherehani, nikaendelea kushona. Nilishona mguu mmoja wa suruali ukafungana na mwingine. Moyoni nasema, usiende. Nasema, nani atanipikia, nani nitapiga naye kelele, Gabrieli atatundika wapi koti lake? Mdomoni kikatoka kitu kingine kabisa.

"Nenda. Utatupunguzia moshi."

Akanitazama, akitegemea nitacheka ili na yeye acheke. Sikucheka. Utani bila kicheko ni ubaya tu, na ubaya wangu ule aliuelewa vizuri. Akasimama, akajifunga khanga, akaingia kwake. Wiki ile alianza kugawa vyombo. Benchi moja kwa Mkongo, sufuria kubwa kwa Mshihiri. Gunia la mkaa lilikuwa linakaribia mwisho na wauza mkaa wakipita, yeye hawasimamishi. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Gabrieli akaniambia, "Mwambie basi unataka abaki." Nikamwambia ashike yake.

Alhamisi Gabrieli akafa.

Hivyo hivyo ninavyosema. Asubuhi alikunywa chai ya Msomali, mchana akala kwa Mama Temba, akasema chumvi imepita mbali, akatoka kwenda kwa kinyozi, koti na kofia kaviacha kwenye msumari, akaanguka njiani. Moyo, walisema hospitalini. Watu wakaniletea habari nikiwa na nguo ya mtu mikononi. Sikulia. Wanawake wakaja, wakatandika mikeka, wakalia wao, binti yangu Josephina akalia mpaka sauti ikakauka, mimi nimekaa macho makavu. Kuna kitu kilinikaba hapa, kooni, hakishuki wala hakipandi. Nilisikia mmoja akinong'ona, huyu mwanamke kweli ana roho ngumu.

Shemeji zangu wakafika na basi la Iringa. Yule mkubwa, Dadi, mzee wa mila, kitu cha kwanza baada ya kunipa pole akauliza, "Watani wako wapi?"

Nikamwambia hakuna. Mngoni tuliyekuwa naye amerudi Songea.

"Mhehe anazikwa bila mtani? Nani atazuia jeneza? Nani ataamsha hawa watu?"

"Wangoni mjini wapo," mtu akasema. "Tukatafute mmoja."

"Mtani si fundi bomba," Dadi akasema, "humwokoti tu barabarani. Awe alimjua." Akakaa, akashika kichwa. Nami nikaona aibu juu ya huzuni, maana mume wangu alikuwa mtu wa watu, na sasa anaondoka kimya kama mzigo wa stesheni.

Mama Temba nilimwona mara moja tu, asubuhi, nyuma ya wanawake, amejifunika khanga hadi usoni. Nikajua amekaa kwa adabu za kwao, ananyamaza. Halafu hakuonekana tena. Nikasema moyoni, bila shaka anafunga mizigo, kesho ni Jumamosi.

Saa ya kwenda makaburini Kola ikafika. Padri amemaliza sala, vijana wamelinyanyua jeneza, wametoka uani, wamefika barabarani mbele ya baraza langu. Wakasimama. Nikasikia minong'ono. Nikasukuma watu nipite.

Katikati ya njia alikuwa amesimama Gabrieli.

Naapa, ndivyo macho yangu yalivyoona kwanza. Koti la mtumba, kofia, mikono nyuma. Akaja polepole kulielekea jeneza, akakohoa kidogo. Akavuta kigoda changu, akakaa katikati ya barabara. Miguuni kwake aliweka sufuria. Akafunua kifuniko, akanusa, akatikisa kichwa.

"Mama Temba," akasema kwa ile sauti ya puani ya mume wangu, "leo chumvi imepita mbali."

Padri ameshika kitabu, hajui afanye nini. Chini ya ile kofia alikuwa Mama Temba. Mwanamke aliyefundishwa kwamba heshima ni kunyamaza, amevaa koti la marehemu mwenyewe mbele ya umati wa watu. Akainua kidole akalinyooshea jeneza.

"Gabrieli! Mkimbizi wewe! Mkimbizi mkubwa! Safari ilikuwa yangu mimi, nimeaga, nimegawa mpaka sufuria, na wewe umedandia! Nani amekukatia tiketi? Hapiti mtu hapa! Umekula makande yangu miaka yote na hujasema hata siku moja ni mazuri. Leo utasema. Usiposema, huzikwi, tutalala hapa hapa!"

Dadi alikuwa ameshafahamu. Uso ulimfunguka, akatoka mbele anasugua mikono. "Mtani," akasema, "marehemu mdomo umefungwa. Mimi ndugu yake. Niseme badala yake?"

"Sema. Lakini uonje kwanza, Wahehe nyie waongo."

Akampa kijiko. Dadi akachota, akatafuna, jeneza liko mabegani mwa watu, padri anangoja. Akameza. Akafikiri. Alikuwa ndio kwanza ametoka Iringa, hajawahi kula pale, hakujua lolote.

"Mazuri," akasema. "Ila chumvi kidogo."

Mkongo ndiye aliyeanza. Halafu Mshihiri, halafu wale vijana waliobeba, mpaka jeneza likacheza. Hata yule Msomali, nilimwona kwa macho yangu, alijishika ukuta. Na mimi, mume wangu yuko sandukuni, nilicheka mpaka kilemba kikadondoka, na katikati ya kicheko kile kitu cha kooni kikafunguka, nikaanza kulia. Nililia kwa sauti, nikaita jina lake, nikakaa chini barabarani. Mama Temba akatoka kwenye kigoda, akaja akakaa nami pale chini na koti lile, likinukia tumbaku ya Gabrieli, akanishika. Kisha akawapungia mkono vijana.

"Mpitisheni," akasema. "Amelipa."

Tukamzika vizuri.

Jumamosi gari likaja. Nilikuwa kwenye mkeka na wafiwa wenzangu, nikasikia honi mbele ya hoteli. Nikawaambia wanawake wanipishe. Nilijiapia kwamba safari hii nitasema, liwalo na liwe, nitasema kama watu wengine wanavyosema, tafadhali Mama Temba, baki.

Nikamkuta anatwanga mahindi. Dereva yuko mlangoni na funguo zake, wanaongea lugha yao, yule kijana anashangaa, anaonyesha saa. Mwisho akainua mabega, akaondoka, mikono mitupu. Mlangoni palikuwa na gunia jipya la mkaa, bado limefungwa kwa nyasi juu.

"Umemwambia nini?" nikauliza.

"Nimemwambia amwambie kaka yangu nitakuja Krismasi. Kusalimia."

"Na chumba?"

"Alaze watoto."

Akatwanga tena kidogo, akasimamisha mchi, akajifuta jasho kwa upande wa khanga. Hakunitazama.

"Kwetu watu wangu wapo, Modesta. Watanipenda, najua. Nikifa watanyamaza wote kwa heshima, wataimba vizuri, watanifukia." Akakaza sauti. "Lakini nani atanitukana?"

Yale maneno yangu yote ya kistaarabu, tafadhali na nini, yakapotea. Nilimpenda yule mwanamke, basi. Nikamnyang'anya mchi nianze kutwanga mimi, maana macho yalikuwa yanajaa tena na sikutaka ayaone.

"Wewe kufa tu, mkimbizi," nikamwambia. "Kufa uone."